Kiti cha Bibi Kizee

Villegarde, 25 Septemba 1883

Mjomba wangu Anselme,

Natumaini barua hii inakukuta kifua kimetulia na miavuli inauzika. Hapa mvua haijakoma tangu niliposhuka kwenye treni, na kila nikiona mtu aliyelowa nakukumbuka wewe na duka lako. Mama hajambo? Mguu wake je? Mpe salamu zangu hata kama atajifanya hazisikii. Mwambie nakula vizuri, na chumba nilichopanga kina dirisha linalofunga.

Bila shaka umeshasikia kwamba nimeacha shule. Naona kabisa mkaguzi akiingia dukani kwako kununua mwavuli asiouhitaji ili apate kukusimulia. Ni kweli. Miaka minne nimewafundisha watoto thelathini na wanane kuandika herufi zilizonyooka mgongo, na kila jioni nikirudi chumbani namwigiza mkaguzi mbele ya kioo mpaka nacheka peke yangu. Siku moja nikajiuliza kwa nini kioo tu ndicho kifaidi.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata kazi katika ukumbi wa hapa wa opereta, michezo ya kuimba na kuchekesha. Nilimwimbia mkurugenzi, Bwana Roumégas, nyimbo mbili ulizonifundisha nikiwa na miaka tisa. Alinisikiliza akila tofaa.

"Sauti ipo," akasema. "Uso nao upo. Tukuandike binti wa kupendwa?"

"Hapana, bwana. Niandike bibi kizee."

Akaacha kutafuna. "Bibi kizee wa nani? Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na minne. Lakini nina mgongo wa miaka sabini. Ngoja nikuonyeshe." Nikamwonyesha. Tofaa likamkwama, ikabidi apigwe mgongoni.

Najua utakasirika. Najua pia kwamba mstari ule wa mkataba, ule unaosema utaigiza watu wa aina gani, majaribio yakishapita haufutiki: aingiaye kama binti huwa binti mpaka meno yamtoke, na aingiaye kama bibi kizee ameuaga ujana wake jukwaani. Lakini nikiimba kama binti wa kupendwa nasikia uongo kooni mwangu. Nikiukunja mgongo na kuvaa miwani, watu wanadhani nimejificha, kumbe hapo ndipo ninapotokea.

Jaribio langu la kwanza, kati ya yale matatu ambayo kila mwigizaji mpya hupimwa nayo mbele ya watazamaji, ni tarehe 9 Oktoba. Mwambie Mama. Mimi nimemwandikia mara mbili, na barua zote mbili zimerudi bila kufunguliwa.

Mpwa wako,
Zélie


Figeac, 4 Oktoba 1883

Mpwa wangu, mwenye kichwa kigumu kuliko mpini wa mwavuli,

Sisi wazima. Kifua kinanguruma lakini hakiumi. Mama yako mguu umepungua maumivu, na amemaliza kulidarizi joho la padri kwa uzi wa dhahabu, kazi nzuri mno kwa padri yule. Ananenepesha mabata bukini wawili, mmoja amekuwa mkubwa hata namwogopa. Mkaguzi alikuja kweli. Nilimuuzia mwavuli mbovu.

Nimemwambia habari zako. Alikuwa anakatakata kabichi. Akaendelea kukata. Ile kabichi ilikuwa ya supu, lakini alipomaliza ilifaa kuwekwa kwenye barua kama mchanga wa kukaushia wino.

Sasa sikiliza. Kuacha shule nakusamehe. Kuimba nakusamehe, kosa ni langu, nilikuimbia mno ulipokuwa mdogo. Lakini bibi kizee! Umerogwa? Mungu amekupa uso ambao wasichana wenzako wangeununua kwa meno yao, nawe unaupaka masizi! Nenda kwa huyo Roumégas wako kesho asubuhi, kabla hajala tofaa jingine, umwambie abadilishe mstari. Binti wa kupendwa. Msichana mzuri hachekwi, Zélie. Akichekwa amekwisha.

Na watu wa Villegarde usiwachezee. Najua utasema umeshaambiwa, ila hujawaona. Wale wenye viti vya msimu mzima wanakuja na funguo za nyumba zao mfukoni, funguo zenye tundu, na wasipompenda mtu wanazipuliza. Majaribio matatu, michezo mitatu, na la tatu likiisha kamishna wa polisi anasimama kuuliza ukumbi: tumkubali au tumfukuze? Ukifukuzwa, ukumbi mwingine wowote utakuwa umeshapata habari kabla treni yako haijafika.

Mji huo naujua. Mama yako na mimi tulikaa hapo kidogo zamani, mimi nikiimba, yeye akishona mavazi. Koo langu likaharibika, tukaondoka pamoja. Basi. Hakuna hadithi hapo.

Badilisha mstari.

Mjomba wako,
Anselme


Villegarde, 15 Oktoba 1883

Mjomba mpendwa,

Asante kwa barua, na asante hata kwa makaripio, maana niliyasoma kwa sauti yako nikajiona niko nyumbani. Bata yule mkubwa msimchinje kabla sijamwona. Nimepata mafua lakini yamepita. Mwenye nyumba wangu ni mjane anayenipikia supu ya kitunguu na kuniuliza kila siku kama ni kweli waimbaji wanaoga kwa maziwa.

Mstari sikuubadilisha.

Jaribio la kwanza nimelipita! Niliigiza bibi muuza samaki anayedhani kila mwanajeshi anayepita anamtaka yeye. Makunyanzi nilijichora mwenyewe kwa kizibo kilichochomwa. Msichana mwenzangu aliniambia niige makunyanzi ya kwenye picha, lakini mimi nilikunja uso kwanza mbele ya kioo, nikaona ngozi yangu itakunjika wapi ikifika wakati wake, nikapaka hapo hapo. Ilinishtua kidogo. Nilikuwa nikijitazama nitakavyokuwa, na nikampenda yule bibi.

Nilipoingia hakuna aliyecheka. Mjomba, ule ukimya! Halafu nikamkonyeza mpiga ngoma wa okestra, naye maskini akapoteza mdundo, na roshani ya juu yote ikalipuka. Kwenye viti vya mbele yuko mthibitishaji mmoja wa mikataba, Bwana Delpérié, ndiye mkuu wa wenye funguo. Hakuupuliza wake. Aliushika tu mkononi, akiugeuzageuza, kama mtu anayesema: bado mawili.

Lakini nina swali. Mvishaji wetu ni mama mmoja mzee, Bi. Cazals, aliyemo humu tangu taa zikiwa za mafuta. Alikuwa amepiga magoti akinibana pindo, pini zimejaa mdomoni. Nilipoinua sketi ili nijaribu kutembea akazitoa pini zote.

"Unainua sketi kama Fabrègue," akasema.

Nikafurahi. "Ni mjomba wangu! Anselme Fabrègue. Aliimba hapa."

Akanitazama kutoka chini. "Mjomba wako hakuwahi kuvaa sketi, mwanangu."

Akarudisha pini mdomoni, akaendelea na pindo. Alikuwa na maana gani?

Zélie wako


Figeac, 29 Oktoba 1883

Mpwa wangu,

Wote hatujambo. Baridi imeingia. Bata mkubwa bado yu hai na ameanza kunichukia. Mama yako ana kazi nyingi kwa ajili ya sikukuu ya watakatifu, hainuki kitini.

Pongezi. Umepita moja. Nilimsomea mama yako barua yako mezani, yote, mpaka kwa yule bwana mwenye ufunguo. Hapo akakumbuka kwamba kuna nguo za kuanua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Bi. Cazals ni mzee na wazee wanachanganya. Amevisha watu elfu, atamkumbuka nani? Usimuulize mambo. Mpe kitambaa cha kichwa ufikapo mwaka mpya na umwache na pini zake.

Mstari bado unaweza kubadilishwa kabla ya jaribio la tatu. Nakumbuka sheria hiyo vizuri.

Anselme


Villegarde, 12 Novemba 1883

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Hapa theluji nyepesi imeanguka na kuyeyuka. Mjane wangu ameumwa jino, nimemfunga kitambaa, sasa anafanana na mimi nikiwa kazini. Habari za nyumbani zimeishia hapo, kwa sababu nina hasira na nataka kuyasema yaliyobaki kabla haijapoa.

Jaribio la pili limegawanyika. Roshani ilipiga makofi, viti vya mbele vikapuliza. Si kwamba niliigiza vibaya. Bwana Delpérié alikuwa ameniona mchana nikinunua mkate, bila masizi usoni, akaenda kuwaambia wenzake kwamba Roumégas anawafichia msichana mzuri ndani ya wigi la mvi. Asubuhi iliyofuata walikaa ofisini, Delpérié kwenye kiti chenye mto, mkurugenzi amesimama kwenye ofisi yake mwenyewe.

"Binti yangu," akasema Delpérié, "sisi si watu wakatili. Vua hilo wigi. Cheza binti wa kupendwa, na jaribio la tatu tutakusamehe. Umekubaliwa leo hii, hapa hapa."

"Na nisipovua?"

"Ah, wewe! Nani analipia kiti msimu mzima kumtazama bibi yake? Bibi ninaye nyumbani."

"Basi bwana, umeshazoea."

Roumégas akakohoa kwenye kitambaa. Delpérié hakucheka. "Tutaonana Jumapili ya tarehe 9 Desemba," akasema, akapiga ufunguo mezani mara moja, taratibu.

Nilitoka nimekasirika, nikaenda chumba cha mavazi, nikamwambia Bi. Cazals: utaniambia leo. Akafungua sanduku kubwa la majoho lililo pembeni. Ndani ya kifuniko limebandikwa matangazo ya zamani, karatasi juu ya karatasi. Akaweka kidole. *Novemba 1857. Bi. Euphrasie Fabrègue, binti wa kupendwa. Jaribio la tatu.*

Mama yangu. Mama yangu aliyekuwa akishona mavazi.

"Walimpulizia mpaka miali ya taa ikayumba," akasema Bi. Cazals. "Akatoka moja kwa moja mpaka kituo cha magari ya farasi, na viatu vya hariri vya jukwaani, kwenye tope. Nilimkimbilia na viatu vyake. Gari lilikuwa limeondoka."

"Na mjomba wangu?"

Akashusha kidole. *Februari 1858, Bwana Fabrègue. Oktoba 1858, Bwana Fabrègue. Machi 1859, Bwana Fabrègue, kwa maombi ya wenye viti.*

Uliniandikia: tukaondoka pamoja. Umeniambia hivyo tangu nikiwa mtoto, na Mama akiwa palepale, sindano mkononi, kimya. Misimu miwili, Mjomba! Misimu miwili uliwaimbia watu waliomfukuza dada yako! Na koo lako halikuwa na lolote.

Nijibu. Sitaki bata wala kabichi. Nijibu.

Zélie


Villegarde, 27 Novemba 1883

Mjomba,

Posta huchukua siku mbili. Siku kumi na tano zimepita. Kama ungekuwa unaumwa, Mama angeandika, hata kwa chuki. Hivyo najua huumwi.

Delpérié amewagawia wenzake viti vya safu tatu za mbele. Roumégas ananiuliza kila asubuhi kama nimebadili mawazo. Sijabadili, lakini usiku huu nimekaa na mkataba mapajani na kwa mara ya kwanza nimeogopa. Sina shule ya kurudia.

Z.


Figeac, 3 Desemba 1883

Zélie,

Umesema hutaki bata. Basi sisemi chochote kuhusu bata.

Nimeanza barua hii mara sita. Mimi niliyeweza kumchekesha askari wa forodha sikuweza kuupita mstari wa salamu.

Mama yako alikuwa mchekeshaji. Si mwimbaji tu: mchekeshaji. Akiwa na miaka kumi na tano alikuwa akimwigiza shangazi yetu akiingia kanisani, na babu yako alilazimika kushika meza. Mimi nilikuwa stadi, Zélie. Nilijua kuhesabu hatua na kungoja kicheko. Yeye hakuhesabu kitu. Aliingia tu, na watu wakawa wamekwisha kwa kicheko.

Tulipofika Villegarde, mkurugenzi wa wakati ule alitupatia mikataba, na ule wa mama yako akanikabidhi mimi niujaze kwa kuwa nilikuwa kaka mtu. Mstari ulikuwa mtupu. Euphrasie aliniambia: "Andika bibi kizee." Maneno hayo hayo. Nami nikamjibu ninayokujibu wewe tangu Oktoba: msichana mzuri hachekwi. Nikaandika binti wa kupendwa. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Majaribio mawili alipita kwa sababu ya uso. La tatu alikuwa kwenye bustani ya jukwaa, akimwimbia mpenzi wake wimbo wa kuagana. Kiti alichotakiwa kukikalia kilikuwa na mguu mfupi. Kikatikisika. Na yeye, bila kukata wimbo, akakitazama kile kiti. Hivyo tu, akakitazama. Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kizuri, Zélie, cha kutoka tumboni. Kingekuwa mwanzo wa kila kitu. Lakini mimi nilikuwa pembeni ya pazia, nikaona binti wa kupendwa anachekwa, nikampungia mkono: acha! acha! Akaniona. Akaacha. Akabaki amesimama katikati, hajui awe nani, na hapo ndipo walipopuliza.

Matokeo yangu yalisomwa baada ya yake. Nilikubaliwa. Desturi ni kuinama mara tatu kwa wenye viti: kulia, kushoto, katikati. Niliinama mara tatu. Nilijua anangoja kituoni. Nilijiambia nitamfuata Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na onyesho.

Hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja. Miaka ishirini na minne tunakula meza moja. Aliniomba kitu kimoja tu, usiambiwe wewe, naye akasema ni mshonaji, na mimi nikaona nafuu.

Hajui kwamba umejua.

Usibadilishe mstari.

Anselme


Villegarde, 10 Desemba 1883

Mjomba,

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma mara moja tu, nikaiweka ndani ya kifuniko cha sanduku la majoho. Bado nimekukasirikia na nadhani nitakukasirikia kwa muda mrefu, ila nitakuwa nikikuandikia wakati wote huo. Kifua chako kifunge kwa kitambaa cha flaneli. Sasa nikusimulie jana.

Onyesho lilikuwa la alasiri, watu wametoka kula, wamejaa nyama na mori. Nilikuwa Shangazi Gudule, anayemlinda mpwa wake asiibiwe na wachumba. Tendo la kwanza walinyamaza. Tendo la pili naingia peke yangu na mfuko wa kufumia, nina wimbo wa kuwahesabu wachumba. Sikuwahi kuufungua mdomo. Safu tatu za mbele zilipuliza kwa pamoja, funguo thelathini. Sauti ya funguo hizo hukuniambia, Mjomba. Inaingia kwenye meno.

Desturi unaijua: anayepulizwa husogea mbele, hushusha mikono, husubiri kimya mpaka kamishna aamue. Mkuu wa okestra akateremsha kijiti. Nikamwona Roumégas pembeni ya pazia akinipungia mkono: toka! toka!

Huo mkono ndio uliofanya. Nilikuwa naelekea mbele kweli, na ni mimi mwenyewe niliyekuwa naelekea, Zélie. Nilipouona ule mkono nikageuka nikaurudia mgongo wangu wa miaka sabini. Nikavuta kiti katikati ya jukwaa. Nikaketi. Nikatoa soksi na sindano, nikaanza kufuma.

Nilifuma mstari mzima. Wakapuliza. Nikafuma wa pili. Kila sauti ilipopanda niliwatazama juu ya miwani, kama anayengoja watoto wamalize kulia ndipo awape mkate. Roshani ikaanza kucheka, kwanza mmoja mmoja. Delpérié akasimama, uso mwekundu, ufunguo mdomoni. Hapo nikasema, na unajua kwamba kuzungumza na ukumbi ni kosa la polisi:

"Wewe bwana mwenye ufunguo! Ukiushika mdomoni hivyo, mkeo ataingiaje ndani?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mkewe. Alikuwa kwenye kibanda cha watazamaji cha upande wa kulia, mama mnene aliyevaa zambarau, akacheka kwa mlio wa kuku, akajaribu kujizuia kwa upepeo, akashindwa. Baada yake hakuna aliyejizuia. Hata safu ya tatu ilianza kucheka, na mtu akicheka hawezi kupuliza, mdomo haukubali. Nikamwashiria mkuu wa okestra kwa sindano, nikaimba wimbo wangu wote, nikauimba tena walipoudai.

Mwishoni kamishna alisimama. Makofi kwanza, miluzi baadaye. Aliinamisha kichwa akisikiliza pande zote mbili kwa muda ulionifanya nisali. "Amekubaliwa!"

Niliinama kulia. Niliinama kushoto. Katikati, mbele ya Delpérié na wenzake, nilibaki nimesimama wima, mikono juu ya mfuko wa kufumia. Wakangoja. Nami nikangoja. Roumégas amenitoza faini, kamishna ameandika ripoti, lakini neno lake lilikuwa limeshatoka na halirudi.

Ule mwinamo wa tatu uliuinama wewe zamani, Mjomba. Sikuona sababu ya kuurudia.

Msomee Mama barua hii yote. Usiruke chochote.

Zélie Marcenac,
bibi kizee wa ukumbi wa Villegarde


Figeac, 21 Desemba 1883

Mpwa wangu,

Tunaendelea. Flaneli nimevaa. Nakupa tena habari za nyumbani kwa sababu safari hii ndizo barua yenyewe.

Niliisoma yote. Nilimweleza kwanza kwamba unajua, na nani amekuambia, na mimi nimekuambia nini. Alikuwa amekaa karibu na jiko, akinyonyoa bata. (Ndiyo, yule. Samahani.) Hakuinua kichwa. Nikasoma. Nilipofika kwenye funguo thelathini, mikono yake ikasimama. Nilipofika kwa mke wa mthibitishaji alifanya sauti puani ambayo sijaisikia tangu nikiwa na miaka ishirini na saba. Nilipofika kwenye ule wa tatu nilisoma polepole, maana nilitaka unipate sawasawa. Ulinipata.

Nikamaliza. Nikakunja karatasi. Nikadhani ameamua kunyamaza miaka mingine ishirini na sita.

"Amekosea," akasema.

"Nani? Zélie?"

"Aliketi hivihivi tu. 'Nikavuta kiti, nikaketi.' Bibi kizee haketi hivyo, Anselme. Wewe hukuwahi kulijua hilo na yeye hakulijua."

"Anaketije?"

Akainuka. Manyoya mpaka kwenye viwiko. Akauzungusha ule mguu mbovu kwenye kiti cha jikoni, akasimama mbele yake, akakigusa kwa ncha za vidole viwili. Mgongo wa kiti. Kisha pa kukalia. Kisha akakitazama, kama mtu aliyewahi kusalitiwa na viti. Hakuwa ameketi bado! Hakuwa amefanya lolote! Nami, Zélie, nilikuwa chini ya meza, kifua kinapasuka kwa kucheka, nikimwomba aache, na safari hii hakuacha.

Alipoketi hatimaye, akachukua bata wake akaendelea kunyonyoa. Ananiambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Akiguse kwanza."

Anselme


Villegarde, 7 Januari 1884

Mama yangu,

Naandika jina lako juu ya bahasha kwa mara ya tatu, na safari hii nadhani hairudi. Heri ya mwaka mpya. Mguu wako usiusimamie sana. Mimi mzima, na Bi. Cazals anakusalimu, amesema viatu vyako anavyo.

Jana tulimrudia Shangazi Gudule. Nilikigusa kiti. Mgongo, kisha pa kukalia, kisha nikakitazama. Walicheka kabla sijaketi, na Bwana Delpérié alikuwa miongoni mwao, ufunguo umemwangukia chini ya viti.

Sasa niambie kuhusu miwani. Bibi kizee anaivuaje?

Binti yako,
Zélie